Fatiha Iliyosomwa Kwenye Kichekesho

Hebu mwone anavyoingia mjini Palma. Ni mwanamke wa miaka thelathini na minane, mrefu, mwembamba, msiro, ule urembo mweupe wa kupaka, umemkaukia usoni mpaka umefanya nyufa. Kapulana, ile kanga yake, imelowa hadi magotini. Kichwani ana ndoo ya pweza, mkononi kile kijiti cha chuma cha kuchokolea pweza mwambani. Ametoka kijijini kwake Nakipande asubuhi, maji yalipoanza kurudi, na sasa jua liko utosini. Anakata njia ya sokoni, anafika mbele ya lile duka la zamani la ushirika ambalo halijauza hata kibiriti tangu wazee walipokuwa vijana, na humo ndani anasikia watu wanacheka. Si mmoja, ni wengi. Anasimama. Ndoo haishushi. Anasogea dirishani, anachungulia kwa jicho moja.

Huyo ndiye Wahida, na usimlaumu kwa kuchungulia. Mwaka ule wa 2013, watu wazima kucheka pamoja mchana kweupe lilikuwa jambo la kuulizia. Gesi ilikuwa imeonekana baharini, mbali kiasi kwamba hakuna mtu wa Nakipande aliyewahi kuiona wala kuinusa, lakini mambo yake yalikuwa yameshafika nchi kavu. Magari meupe yalipita. Vijana wenye buti walishuka na mafaili, wakahesabu minazi, wakahesabu mikorosho, wakauliza makaburi ya ukoo yako wapi na babu yako aliitwa nani, wakaandika, wakaaga vizuri sana, wakaenda zao. Walisema watarudi. Waliorudi walikuwa wengine, na mafaili mengine, wakaanza kuhesabu upya. Watu wakajifunza jambo moja: jina lako likishaingia kwenye daftari la mtu, hulioni tena likitoka.

Mle dukani kulikuwa na watu kumi hivi, wamekaa juu ya makreti. Mbele yao kijana wa miwani alikuwa anatembea kama kuku aliyeteguka mguu. Akaliona lile jicho dirishani.

"Entre, dona! Ingia, mama. Hapa hatuhesabu kitu."

"Anayesema hahesabu," Wahida akajibu kutoka nje, "ndiye mwenye faili."

Watu wakaangua kicheko. Yule kijana akatoa kalamu sikioni. "Rudia."

"Nirudie nini?"

"Hivyo hivyo ulivyosema." Naye huku anaandika.

"Umeandika nini hapo?"

"Maneno yako."

"Basi yafute, hatujajuana."

Wakacheka tena, na yeye mwenyewe akacheka. Kijana huyo aliitwa Stélio, mtu wa Nampula, ameletwa na shirika moja kuunda kikundi cha teatro. Kazi yao ilikuwa kuzunguka vijijini na vichekesho vya chandarua, vya kunawa mikono, na sasa, kwa vile mikutano ya serikali kuhusu ardhi ilikuwa inakaribia, vichekesho vya kuwazoesha watu kukaa mkutanini na kuuliza maswali. Ndivyo alivyosema mwenyewe. Alikuwa na miaka miwili Palma na Kiswahili chake kilikuwa kinatembea, ingawa kwa kuchechemea.

"Waigizaji ninao," alimwambia Wahida siku hiyo. "Mwandishi sina. Umesoma?"

"Darasa la saba."

"Inatosha. Njoo Jumamosi."

Nyumbani Nakipande, Wahida alikuwa mtu wa kuchekesha tangu utoto. Harusini, wanawake wakishachoka kucheza, walimwita aige: mwendo wa fulani, kikohozi cha fulani, namna mke wa fulani anavyokataa chakula huku mkono unakwenda sahanini. Tangu aachike na kurudi kwa mama yake, vichekesho vilikuwa ndiyo heshima yake pekee pale kijijini. Lakini kuiga ni jambo moja na kuandika ni jambo jingine, na hilo alilijua Jumamosi ya pili, aliposoma kichekesho chake cha kwanza mbele ya wenzake. Kilikuwa cha chandarua. Mume anamwambia mke: "Mke wangu mpendwa, ni vyema tukalala ndani ya chandarua ili tujikinge na maradhi." Mke anajibu: "Naam, mume wangu, umenena kweli."

Hakuna aliyecheka. Hassane, fundi baiskeli aliyekuwa mwigizaji wao mkubwa, alijikuna goti.

"Dona Wahida," Stélio akauliza taratibu, "mumeo alikuwa akiongea hivi?"

"Mume wangu alikuwa haongei. Alikuwa anakohoa."

"Basi andika kikohozi."

Hilo ndilo somo lake la kwanza. Mengine yalifuata, Jumamosi kwa Jumamosi, kwa miezi mitano. Usiandike kichekesho, andika mtu anayetaka kitu. Mnyime. Atajaribu njia mbaya, mnyime tena, atajaribu njia mbaya zaidi. Usimfanye mjinga, mfanye mwerevu kupita kiasi. Na neno moja ambalo Stélio alilirudia mpaka wakawa wanamtania nalo: acha nafasi. "Ukiwajazia watu kila kitu," alikuwa akisema, "watacheka wapi?"

Na somo la kusikiliza. Hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika.

Wanawake wa Nakipande hushuka mwambani maji yakipwa, na mazungumzo ya huko hayana mfano. Mume anasutwa, wifi anachanwa, shehe mwenyewe anaguswa kidogo. Wahida akaanza kushuka na daftari kifuani, limefungwa kwenye mfuko wa plastiki. Neno likimchoma, anageuka kando, anaandika. Siku ya tatu Nadia, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, alisimama na maji magotini.

"Wahida, hicho kinachochungulia kwenye blauzi yako ni kalamu au ni uduvi?"

"Kalamu."

"Ya nani?"

"Yangu, ya nani tena?"

"Sikuulizi mwenye kuandika, mwenzangu. Nakuuliza mwenye kusoma."

Wengine wakacheka, kicheko kifupi. "Andika basi," Nadia akaendelea, "leo Nadia kapata pweza wawili na kidole kimechomwa na mwiba. Kidole nacho kiandike, wasije wakasema kilikuwa kibovu tangu zamani."

Kuanzia hapo, Wahida akikaribia, mazungumzo yaligeuka kuwa ya mvua. Hata kama hakukuwa na mvua.

Yeye naye, kusema kweli, hakuwa na moyo mweupe. Kwa nini Stélio alikuwa na daftari lake mwenyewe, jekundu, ambalo hakumwachia mtu kulishika? Siku moja akamuuliza waziwazi. Stélio akacheka, akamfungulia: ukurasa wa kwanza, namna watu wa Palma wanavyosalimiana. Wa pili, namna wanavyokohoa. Wa tatu akauruka, akamwonyesha wa nne. Huenda karatasi zilishikana tu. Lakini Wahida alikwenda nao nyumbani ule ukurasa wa tatu, akala nao chakula, akalala nao.

Hata hivyo aliandika. Na safari hii alipata kichekesho hasa. Kilikuwa cha mzee mwenye mnazi mmoja. Anayehesabu amekuja na faili, na mzee anataka mnazi wake uhesabiwe saba, alipwe fidia ya saba. Basi anamzungusha. Anamshika mkono, anampa habari za babu yake, anampitisha nyuma ya nyumba, kwenye zizi, kwenye kisima, na kila mara wanatokea kwenye mnazi ule ule kwa upande mwingine. "Na huu ni wa nne," anasema mzee. Mhesabuji anashangaa: "Mzee, mbona minazi yako yote ina kovu moja?" "Ya ukoo mmoja, mwanangu. Wewe na ndugu zako si mna pua moja?" "Na huyu kunguru juu, nimemwona pia kwenye ule wa pili." "Naye ana ndugu zake."

Aliposoma hapo, Hassane alilala chini kabisa juu ya sakafu ya duka, mikono yenye grisi tumboni.

"Na mwisho?" Stélio akauliza. Alikuwa amevua miwani, anafuta machozi.

"Mwisho sina. Wakubaliane tu, atie dole gumba."

"Ninyi mkikubaliana jambo, mnatia dole gumba?"

"Hilo la serikali. Sisi tunasoma Fatiha. Mke unamwoa kwa Fatiha, chombo unauza kwa Fatiha, shamba likigawanywa watu wanainua mikono, Fatiha, basi. Hakuna anayerudi nyuma."

"Hata bila karatasi?"

"Karatasi inaliwa na mchwa, mwalimu."

Stélio akaandika hilo katika daftari jekundu. Kisha akasema mwisho umeshapatikana: mzee akatae dole gumba, adai Fatiha, na yule mhesabuji asiyejua kitu ainue mikono vibaya. Mara ya kwanza kama mtu aliyeshikiwa bunduki. Mara ya pili kama mtu aliyebeba sinia.

Wahida alilirudia jambo hilo moyoni njia nzima. Kuchezea Fatiha? Mjomba wake Cassamo, kaka wa mama yake, mkubwa wa ukoo na imamu wa ule msikiti mdogo wa Nakipande, angesema nini? Akaliwaza siku mbili, akapata njia. Mzee hatasoma Fatiha hata kidogo. Atainua mikono sawasawa, atainamisha kichwa, na watu watamsikia ananong'ona: "Wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne..." anahesabu minazi yake ya uongo. Neno la Mungu halijaguswa, na anayechekwa ni mzee. Aliuandika mstari huo kwa mwandiko wake mzuri kuliko wote. Alijivunia kuliko kitu chochote alichowahi kufanya.

Siku ya mazoezi ya mwisho, Stélio, ambaye ndiye aliyekuwa anaigiza mhesabuji, alichukua kalamu nyekundu akaukata.

"Mrefu," alisema. "Hassane anainua mikono, anasema 'Al-Fatiha', halafu kimya. Tunahesabu mpaka kumi. Halafu mimi nasema, 'Pronto, tumekubaliana,' nafunga faili. Kile kimya ndicho kitakachochekesha."

"Mwalimu, kimya hicho..."

"Niamini, dona. Acha nafasi."

Hassane alimtazama Wahida. Wahida alitazama mstari wake uliokatwa. Mtu akikufundisha miezi mitano na kila mara akawa sawa, unambishia kwa lipi? Akafunga daftari.

Kichekesho kilichezwa Nakipande yenyewe, Jumamosi, siku nne kabla ya mkutano mkubwa wa wilaya. Uwanja wa shule ulijaa. Kulikuwa na soda na biskuti, na pa kuingilia palikuwa na meza ya lista: jina, na asiyejua kuandika, dole gumba. Watu walinung'unika lakini soda ilikuwa ya baridi. Alikuwepo pia dada mmoja wa Pemba, mji mkuu wa jimbo, si kile kisiwa, jina lake Dércia, shingoni kamera kubwa. Alimchekea kila mtu. Wahida alimuuliza Stélio huyu ni wa nani, akajibiwa, "Wa picha tu."

Wahida alikaa nyuma ya kapulana mbili zilizoungwa kuwa pazia, daftari mapajani. Na hapo, ndugu yangu, alipata kitu ambacho wengi wanakufa bila kukipata: aliwasikia watu wake wanacheka maneno aliyoyaandika. Kwenye mnazi wa pili walianza. Kwenye ndugu wa kunguru, Mjomba Cassamo alivua kofia akajipigapiga nayo gotini. Nadia alikuwa anamshika mwenzake asianguke. Stélio alipoinua mikono kama aliyeshikiwa bunduki, uwanja mzima ulipiga kelele. Alipobeba lile sinia, wazee walikuwa wanalia.

Kisha Hassane, katika kanzu kuukuu ya mzee, akasimama wima. Akainua mikono yake kifuani, viganja juu, kama inavyotakiwa. Akasema, kwa sauti ya upole:

"Al-Fatiha."

Na kimya.

Kicheko kilikatika kama uzi. Mjomba Cassamo alikuwa amesharudisha kofia kichwani. Mikono yake ilipanda yenyewe, bila kuulizwa, kama inavyopanda msibani, kama inavyopanda harusini, kama ilivyopanda maisha yake yote kila aliposikia neno lile likisemwa na mtu aliyesimama mbele ya watu. Walio nyuma yake wakaona mikono ya imamu. Ikapanda mstari wa pili, wa tatu, ikafika kwa wanawake, ikafika kwa waliosimama ukutani. Midomo ikacheza. Uwanja mzima ulinong'ona sura ile mpaka mwisho, pamoja. Wahida mwenyewe, nyuma ya pazia, aligundua viganja vyake viko wazi mbele ya uso.

"Amin," watu wakasema. Wakapangusa nyuso.

"Pronto!" Stélio akasema. "Tumekubaliana!" Na faili likafungwa: pa!

Hapo hapo kamera ya Dércia ikalia. Kisha Wahida akatambua kwamba ilikuwa imelia kwa muda wote ule, chini ya mnong'ono.

Hakuna aliyecheka. Watu walikuwa wanatazamana, kama mtu aliyeamka kwenye kitanda cha wengine. Mjomba Cassamo akasimama taratibu.

"Wahida."

"Abee, mjomba."

"Toka huko nyuma." Akatoka. "Fatiha hii tumeisoma juu ya nini?"

"Ni... ni kichekesho, mjomba. Juu ya minazi ya mzee."

"Mzee gani? Hassane? Hassane ana baiskeli, hana mnazi."

"Faili!" Nadia akapaza sauti. "Fungueni faili tuone kuna nini!"

"Kweli, fungua!"

Stélio akalifungua. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Ndani ya faili zilikuwa karatasi za lista: majina yao na madole gumba yao, na la kwanza juu kabisa, Cassamo.

"Ni mahudhurio tu," alisema. "Nilikosa karatasi za kuigizia, nikachukua zilizokuwa mezani. Watu wangu, ni mahudhurio tu, jamani!"

Majina yapo. Madole yapo. Picha ya kijiji kizima kimeinua mikono ipo. Na Fatiha imesomwa. Ungekuwa wewe ni mtu wa Nakipande, na siku nne baadaye watu wa wilaya wanakuja kukuuliza habari ya kuhama, ungefikiri nini? Uwanja ulitawanyika kimya kimya. Nusu ya soda zilibaki.

Jioni ile Mjomba Cassamo alimwita Wahida barazani kwake. Hakumfokea, na hilo lilimwumiza zaidi.

"Mpwa wangu, Fatiha haifutwi kama chaki," alisema. "Iliyosomwa imesomwa. Kinachobaki ni kujua chini yake kuna nini. Kama chini yake kuna wewe na mchezo wako, basi hakuna kitu, utatubu, yamekwisha. Lakini kama kuna mtu aliyetaka tuinue mikono, akatutegea, basi ana neno letu mfukoni. Tutasema tulidanganywa, naye atasema mliitikia amin, na tutabishana naye mpaka wajukuu. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Jumatano, kabla wageni hawajasema neno, nitakuuliza mbele ya watu wote. Uwe na jibu."

Jumatatu Wahida alikwenda Palma kwa miguu, bila ndoo. Stélio alikuwa peke yake dukani. Alimpa zile karatasi za lista hata kabla hajaziomba. Wahida akazihesabu, saba. Je, siku ile zilikuwa saba? Hakujua.

"Na picha?"

"Dércia amerudi Pemba. Nitamwambia azifute."

"Anafanya kazi kwa nani?"

"Kwa yeyote anayemwita. Harusi, mikutano."

"Mwalimu, kwa nini uliukata mstari wangu?"

"Ulikuwa mrefu."

"Ulijua watu wataitikia?"

"Mimi si Mwislamu, dona."

"Sikukuuliza dini. Umekaa Palma miaka miwili, umekula harusi, umezika na watu. Nimekuuliza kama ulijua."

"Mstari ulikuwa mrefu," Stélio akasema.

Wahida akamtazama. Alikuwa amejifunza kusikiliza, na aliyemfundisha ni huyu huyu. Mtu anayesema kweli huzunguka, huongeza, humwingiza shangazi yake asiyehusika. Huyu alirudia maneno yale yale, kwa mpangilio ule ule. Lakini hata mtu mwenye hofu hurudia. Hata mtu aliyeumizwa.

"Miezi mitano nimekufundisha," Stélio akasema. "Nilidhani unanijua."

"Miezi mitano umeniandika, mwalimu. Mimi nimekujua wapi?"

Daftari jekundu lilikuwa mezani kati yao. Hakuna aliyelishika.

Jumatano, turubai lilifungwa pale pale uwanjani. Wageni wa wilaya walikaa kwenye viti vya plastiki, chupa za maji mbele yao, na watu wa Nakipande walikaa kwenye mikeka, mikono yote wameikalia au wameificha ndani ya nguo. Hungeona kiganja hata kimoja. Stélio alikuja pia. Alisimama mwisho, kwenye ukuta wa shule, na si mbali naye walisimama vijana wanne ambao hawakuwa wanasikiliza mkutano, walikuwa wanamtazama yeye.

Kabla mkubwa wa wageni hajafungua mdomo, Mjomba Cassamo aliomba radhi kwa heshima, akageuka.

"Wahida binti dada yangu. Simama."

Akasimama. Daftari lilikuwa mkononi, na ukurasa ulikuwa tayari umekunjwa: mstari wake wa mwandiko mzuri, na juu yake ule mkato mwekundu. Kuuonyesha tu kungetosha, lawama yote imwangukie Stélio. Nadia angesogea tena karibu naye mwambani. Watu wangesema, maskini, alitumiwa. Na wale vijana wanne wangefanya walichokuja kufanya. Na neno la kijiji? Mjomba alikwisha sema. Lingekuwa limekaa chini ya mkono wa mtu, na mtu huyo angekuwa na haki ya kubishana.

"Maneno ya Jumamosi," Mjomba Cassamo akauliza, "yalikuwa ya nani?"

Hassane, aliyekaa mkeka wa mbele, aligeuza kichwa. Yeye alikuwepo siku ya kalamu nyekundu. Alifungua mdomo.

"Yangu," Wahida akasema upesi. "Niliyaandika mimi."

"Na kile kimya baada ya Fatiha? Nani alikiweka?"

"Mimi. Kulikuwa na maneno pale, nikayakata mwenyewe. Niliona marefu."

Hassane akafunga mdomo.

"Kwa nia gani?"

Hapa Wahida alivuta pumzi, kwa sababu hili angeweza kuliapia. "Nia yangu ilikuwa mcheke, mjomba. Wallahi, mcheke tu, si zaidi."

Mzee alimtazama kama mtu anayesoma barua ambayo amekwisha ambiwa imeandikwa nini. Kisha akawageukia watu. "Mmesikia. Ya Jumamosi ulikuwa ujinga wa mpwa wangu, na chini yake hakuna kitu. Atafunga siku tatu, aombe maghufira. Mwenye kutaka neno letu, aliombe leo, mbele ya macho yetu, tumjibu leo." Akawageukia wageni. "Karibuni, waheshimiwa. Semeni."

Wahida akakaa. Nadia, aliyekuwa kwenye mkeka ule ule, alivuta upindo wa kapulana yake, akausogeza kando, kiasi cha kiganja kimoja. Mkubwa wa wageni alianza kusoma karatasi yake, na mtafsiri akaanza kutafsiri.

Wahida hakuwa anasikiliza. Alikuwa ameinua macho mpaka kule ukutani. Vijana wanne walikuwa wameanza kuondoka mmoja mmoja. Stélio alikuwa ameegemea ukuta, amefumba macho, na mabega yake yakashuka, akatoa pumzi ndefu, ndefu kuliko ya mtu aliyebeba gunia kutoka kijiji cha Mute mpaka Palma. Kisha akafumbua macho, akatoa kalamu sikioni, na akaandika kitu.

Asiye na hatia akiponea chupuchupu hushusha pumzi. Na mwenye hatia akifichiwa hushusha pumzi. Wahida aliitazama ile pumzi kwa umbali wa uwanja mzima, yeye aliyekuwa hodari wa kuziiga pumzi za watu, na hakuweza kuisoma. Wewe uliyekaa nami mpaka hapa, ungeisomaje?